Viatu Namba Thelathini na Saba

Mwanamke huyu watu wa viwanjani walimwita Mita, na jina lenyewe hawakumpa kwa mapenzi. Kazi iliyokuwa ikimlisha ni kusoma mita za maji. Anabisha hodi, anafunua kifuniko cha chuma, anapiga magoti, anafuta tope kwa kitambaa, anaandika namba, kisha mwenye nyumba anamwita mwongo. Hivyo ndivyo zilivyokwenda siku zake za kazi. Mwisho wa wiki alivaa kaptula nyeusi akaenda uwanjani kupuliza filimbi, na huko nako akaitwa mwongo. Siku moja shabiki aliyekuwa amekatiwa maji alimtambua kutoka jukwaani, akapaza sauti: "Jamani, huyu si yule dada wa mita? Kwangu alisoma vibaya, na leo katusomea penati!" Jukwaa zima likacheka, jina likaganda.

Mwenyewe hakulichukia. Mumewe, fundi wa kushona makochi, mtu wa maneno mengi hata akiwa na misumari mdomoni, alikuwa akimwambia kuwa kutukanwa na watu elfu thelathini kwa mpigo ni heshima, maana yeye hutukanwa na mteja mmoja mmoja. Mita alicheka. Alikuwa ameshaota sugu zamani, na tuseme ukweli, refa asiye na sugu hamalizi hata msimu mmoja.

Ila sugu haimsaidii mtu kwa yule aliyemfungulia mlango kwa mkono wake. Hapo ndipo anapoingia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa refa wa kimataifa enzi zake, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alipostaafu akawa mkufunzi wa waamuzi na mjumbe wa kamati yao kwenye shirikisho, na karibu kila aliyeshika filimbi alikuwa amepita mikononi mwake. Mita alikutana naye akiwa na miaka ishirini na miwili, alipokwenda uwanja wa mtaani kumtazama binamu yake akicheza. Mshambuliaji mmoja alipokea mpira wa kurusha akiwa peke yake mbele ya lango, akafunga, na wanaume waliosimama pembeni wakaanza kelele: "Kaotea! Kaotea!" Mita akawakatalia. Mpira wa kurusha hauna kuotea, alisema. Walipomcheka akasema tena kwa sauti zaidi, mishipa ya shingo imemtoka. Mwalimu ndiye aliyekuwa akichezesha siku hiyo, na kilipofika kipindi cha mapumziko akaja moja kwa moja kwenye lile kundi.

"Nani kasema mpira wa kurusha hauna kuotea?"

Watu wakamsukuma Mita mbele, wakidhani anakwenda kukaripiwa.

"Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Nimesoma kwenye kitabu cha kaka."

"Basi njoo. Mshika kibendera wangu tumbo limemvuruga, yuko chooni tangu dakika ya thelathini."

"Lakini mimi nimevaa sketi."

"Kibendera hakiulizi nguo," alisema Mwalimu, akamkabidhi.

Alikimbia pembeni mwa uwanja dakika arobaini na tano kwa sketi na ndala. Ndala moja ilipokatika akazitupa zote mbili, akamaliza miguu peku. Mechi ilipokwisha Mwalimu alimwambia makosa yake yote, moja baada ya jingine, kisha akamwambia aje Jumanne. Akaja Jumanne hiyo, na Jumanne nyingine nyingi kwa miaka kumi na tisa.

Katika miaka hiyo alipanda ngazi zote. Ligi ya wanawake, daraja la pili la wanaume, daraja la kwanza, na alipofika miaka ishirini na tisa akapewa beji ya kimataifa. Alishona beji hiyo mwenyewe kifuani mwa jezi, akamkatalia mumewe ingawa fundi alikuwa yeye. Aliona nchi nyingi, na nyingi kati ya hizo aliziona kupitia dirisha la gari la kutoka uwanja wa ndege. Alifua soksi kwenye masinki ya hoteli na kuzikausha juu ya taa ya kusomea. Katika nchi moja alimpa nahodha wa wenyeji kadi nyekundu dakika ya kumi na moja, akatolewa uwanjani katikati ya ngao za polisi, na kiatu cha mtu kikampiga sikioni. Alipompigia mumewe simu alisema mechi ilikwenda vizuri. Mumewe akamuuliza kile kiatu ni namba ngapi, maana kwenye televisheni kilionekana kipya.

Lakini simu ya kwanza kabisa baada ya kila mechi ilikuwa ya Mwalimu. Hakuwa na hongera. Alikuwa akisema, "Dakika ya sitini na mbili ulisimama wapi?" na Mita alimpenda kwa hilo. Alikuwa mtu pekee asiyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, au ndivyo alivyoamini. Mama mkwe, ambaye mwanzoni hakutaka hata kusikia habari ya mke wa mwanawe kukimbia na kaptula mbele za watu, Mwalimu ndiye aliyekwenda kumtuliza. Watoto wa Mita walimwita babu. Yeye mwenyewe alimwita Mzee, kama wasichana wengi wanavyomwita baba yao.

Kulikuwa na somo moja ambalo Mzee alilirudia kuliko mengine yote. Mita alikuwa na mwaka wa tatu tu katikati ya uwanja. Msaidizi wake aliinua bendera ya kuotea, na yeye, aliyekuwa karibu na aliyeona vizuri, akampungia mkono aishushe. Goli likahesabiwa. Picha zilionyesha baadaye kuwa alikuwa sahihi, akaenda kwa Mwalimu akitegemea angalau kutabasamiwa.

"Uliona sawa," Mwalimu alimwambia. "Na umekosea."

"Nimekosea nini, Mzee?"

"Mwenzako akiinua bendera, mkubalie. Kama mmetofautiana mtaongea chumbani, mlango umefungwa. Ukimpinga mbele za watu, siku ukimhitaji hatainua."

"Na akikosea?"

"Akikosea, kosa ni lenu wote."

Kitabu cha sheria hakisemi hivyo. Kitabu kinasema neno la mwisho ni la mwamuzi wa kati, na Mita alikijua kitabu hicho kama alivyojua mitaa ya mita zake. Lakini alimsikiliza Mwalimu kuliko kitabu. Tangu siku hiyo hakupinga bendera ya mwenzake hata moja, na waamuzi wasaidizi wote walitaka kupangwa naye.

Kitu alichokuwa akikitafuta muda wote huo kilikuwa kimoja: kuchezesha fainali za dunia za wanawake. Hakukuwa na mwanamke kutoka kwao aliyewahi kusimama katikati ya uwanja huko. Fainali za kwanza zilimkuta mjamzito wa mtoto wa pili. Za pili nafasi ilikwenda kwa mwamuzi wa nchi jirani. Za tatu zilipokaribia alikuwa na miaka arobaini na mmoja, jina lake limo kwenye orodha ya bara, kambi mbili amefaulu, na barua imekuja ikisema nchi ithibitishe mwamuzi wake mmoja baada ya mtihani wa mbio wa nyumbani. Miaka minne mingine asingeingojea. Magoti yake aliyajua, na kamati aliijua zaidi.

Mtihani wa mbio ni rahisi kuueleza na mgumu kuukimbia. Filimbi inalia kwenye spika, unakimbia mita sabini na tano, na kabla ya filimbi ya pili mguu wako mmoja uwe umeshaingia kati ya koni. Unatembea kidogo, unageuka, unaanza upya. Mara arobaini. Kwenye koni amesimama mtu na bendera. Mguu usipofika anaiinua. Ya kwanza ni onyo, ya pili unatoka. Kwa kawaida bendera hiyo hupewa mwamuzi chipukizi yeyote aliyekuwa karibu. Jumamosi ile Mwalimu aliichukua mwenyewe, akasimama kwenye koni za upande wa jua na kofia yake nyeupe. Mita alipomwona pale alifurahi, na wasiwasi wote ukamtoka.

Walikimbia wanane kwa pamoja. Kulia kwake alikuwa binti wa miaka ishirini na saba waliyemwita Swala, mwepesi, mwenye adabu, aliyepata beji mwaka uliopita. Mbio thelathini za kwanza Mita alizimaliza akihesabu kimoyomoyo, pumzi ipo, miguu ipo. Katika ya thelathini na moja aliingia kwenye koni, filimbi ikalia, na alipogeuza kichwa akaona bendera iko juu. Alidhani ni ya mtu mwingine.

"Ni wewe, mwanangu," alisema Mwalimu. "Onyo."

Akajiambia labda. Jua lilikuwa kali, labda alikuwa amejidanganya kwa unyayo mmoja. Akaongeza mwendo, na mbio mbili zilizofuata alifika mbele ya Swala. Katika ya thelathini na nne aliusikia mguu wake wa kulia ukigusa nyasi ndani ya koni, akausikia na wa kushoto, ndipo filimbi ikalia. Bendera ikapanda tena.

Wenzake waliendelea kukimbia, maana spika haimngojei mtu. Yeye akabaki amesimama, mikono kiunoni, jasho likimdondoka kidevuni. Mwalimu akaja akamwekea mkono begani.

"Mguu haukufika, mwanangu. Mwili nao huchoka. Si aibu."

Mezani alikuwa amekaa karani wa kamati na karatasi za matokeo. Chini ya kila karatasi kulikuwa na mstari wenye maneno mawili, napinga na sipingi, na mtu hukata lisilomhusu. Anayepinga hurudia mbio baada ya siku kumi mbele ya wakufunzi wengine. Anayesaini kuwa hapingi ameyamaliza.

"Una haki ya kupinga, dada," karani alimwambia kwa sauti ya chini. "Usiwe na haraka. Wengi hupinga, hakuna anayewacheka."

Mita alimtazama Mwalimu, aliyekuwa ameshageuka kuangalia mbio. Miguu yake ilimwambia kitu kimoja na bendera ikamwambia kingine.

"Bendera ni ya Mzee," alisema. Akalikata neno napinga, akasaini.

Nyumbani mumewe alisikiliza habari yote bila utani hata mmoja, jambo lililomtisha Mita kuliko matokeo yenyewe. Kesho yake asubuhi akachukua futi ya kamba ya kupimia makochi, akapima mita sabini na tano kwenye barabara ya nyuma ya karakana yake, akaweka kopo la gundi mwanzo na jingine mwisho.

"Kimbia, Refa."

"Sitaki."

"Kimbia, mimi nashika saa."

Alikimbia mara kumi na mbili. Kila mara alifika na sekunde nzima ikiwa imebaki, na ya kumi na mbili alifika nayo na nusu juu.

"Hapa pana namna," alisema mumewe.

"Namna gani?"

"Mimi fundi makochi, sijui mpira. Ila kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo zangu nimezikung'uta, hamna kitu. Na Mzee usimguse!"

Waligombana, na ugomvi wao haukuwa mdogo. Alimwambia mumewe kuwa mtu asiyewahi kusimama kwenye koni asimseme aliyesimama. Alimwambia kuwa bila Mzee angekuwa bado anabishana na wanaume pembeni mwa uwanja wa mtaani. Mumewe akaokota makopo yake ya gundi, akarudi kazini.

Wiki tatu zilizofuata ndizo zinazonikasirisha mimi msimulizi kuliko kitu kingine. Swala alithibitishwa, gazeti likaandika mistari minne kuwa mwamuzi mkongwe ameangushwa na umri. Na Mita aliliamini gazeti! Alikwenda kwa daktari wa viungo akamwambia amchunguze, kwa sababu miguu yake imeanza kumdanganya. Daktari akamgonga magoti, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na miguu kama hiyo. Hakuridhika. Akiwa kazini, akiinama kusoma mita, alikuwa akisoma namba mara tatu, kwa sababu macho nayo alikuwa ameanza kuyashuku. Mtu aliyeamua mambo ya watu elfu thelathini kwa sekunde moja akawa hajiamini kwa namba tano zilizoandikwa kwenye kioo. Mwalimu alimpigia simu mara mbili kumjulia hali, akamwambia apumzike, ale vizuri, azoee. Mita akamshukuru. Panya huuma akipuliza, na anayeumwa hushukuru kwa ule upepo.

Siku moja mchana alikwenda stoo ya shirikisho kurudisha vifaa vya masikioni, vile ambavyo mwamuzi hutumia kuongea na wasaidizi wake. Stoo ilikuwa chini ya jukwaa, chumba kirefu chenye rafu za mipira na harufu ya mpira mpya. Mtunza stoo, mtu mnene mpenda utani, alihesabu vifaa, akaandika kwenye daftari, kisha akamtazama miguu.

"Dada, nikuulize kitu, usinicheke. Binadamu anaweza kusinyaa miguu?"

"Kusinyaa vipi?"

"Wewe tangu nikujue unavaa arobaini. Jumanne ile naletewa karatasi, oda ya viatu vya fainali: futa arobaini, andika thelathini na saba. Nikasema, ama kweli mbio si mchezo, dada kakimbia mpaka vidole vimekwisha!"

Akacheka peke yake. Mita hakucheka.

"Jumanne ipi?"

"Ile ya kabla ya mtihani wenu. Mtihani si ulikuwa Jumamosi? Mimi sikujua kama ni mtu mwingine, nilijua wamekosea namba. Nikairudisha juu, wakaniambia andika ulivyoambiwa."

"Nani kakwambia?"

Mtunza stoo akaona kuwa amekanyaga pasipokanyagika. Lakini karatasi ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma yake, na Mita alikuwa na macho ya kuona unyayo ulioko mita arobaini. Tarehe ilikuwa ya Jumanne. Namba ilikuwa ya Swala. Chini yake ilikuwa sahihi ndefu yenye mkia, ile ile iliyokuwa kwenye vyeti vyake vyote vilivyotundikwa ukutani nyumbani.

"Dada, mimi sijasema kitu," alisema mtunza stoo.

"Hujasema kitu, kaka. Mimi ndiye nimeona."

Alitoka pale akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Mwalimu, mwendo wa karibu saa nzima. Njiani hakulia. Alikuwa akitafuta njia ya kumtetea, na hilo ndilo linaloumiza. Labda walimlazimisha kusaini. Labda karatasi aliletewa rundo, akasaini bila kusoma. Kwa kila nyumba aliyoipita alimtungia Mzee udhuru mmoja, na alipofika getini alikuwa nazo nyingi za kuchagua.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Mwalimu, aliyemkumbatia kama kawaida.

"Karibu, mwanangu, karibu! Umekuja kumuaga mzee wako? Maana huyu hata kusema hasemi, mimi mwenyewe nimejua majuzi tu kuwa wamemteua kwenda kwenye fainali."

Sebuleni, kwenye komeo la dirisha, lilining'inia koti jipya la buluu ndani ya mfuko wa nailoni. Kifuani lilikuwa na nembo ya fainali. Chini yake sanduku lilikuwa wazi, nusu limeshapangwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo mume wa Mita alilishona upya mwaka juzi akakataa malipo. Alimwona mgeni wake akitazama koti, akamwomba mkewe awaache kidogo.

"Kaa, mwanangu."

"Nitasimama, Mzee. Nimetoka stoo."

Mwalimu alikuwa mtu mwerevu. Hakuuliza ameona nini huko stoo. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Mguu wangu ulifika?" aliuliza Mita.

Jikoni mke wa Mwalimu alikuwa akigonganisha vikombe.

"Ulifika."

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Mara zote mbili. Na nafasi ilibaki."

Mita akashika mgongo wa kiti. Alikuwa amekuja na nyudhuru zake zote, na mzee wa watu hakuhitaji hata moja. Kwa muda kidogo alisikia nafuu ya ajabu, kwamba miguu yake haikuwa imemdanganya, kisha nafuu hiyo ikageuka uchungu mtupu.

"Walikuwa wameshaamua," alisema Mwalimu. "Mwenyekiti alitaka kijana, mtu atakayechezesha fainali tatu zijazo. Barua yako ya shukrani ilikuwa imeshachapwa. Nakujua, ungepigana. Ungekwenda magazetini, wangekuchafua, na mimi ningelazimika kuchagua upande, tungetoka wote wawili mikono mitupu. Nikaona heri utoke kwa mtihani. Mtu akiangushwa na mwili wake hana wa kugombana naye. Nilikulinda, mwanangu, hata kama leo huoni."

"Na koti hilo?"

"Koti lilikuja baadaye."

"Mzee."

Mwalimu akatazama sakafu. "Halikuja baadaye," alisema.

"Ungeniambia," alisema Mita, na sauti yake ikapasuka. "Ungeniita Jumanne ile ukaniambia, mwanangu, wamekukata. Ningelia, basi. Nimekaa wiki tatu nikijiona sina miguu, Mzee. Nimekwenda kwa daktari! Nimemtukana mume wangu kwa ajili yako!"

"Najua ulivyo mwaminifu. Hilo nililisema hata kwenye kikao." Mwalimu aliinua macho, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichofanana na fahari. "Walitaka bendera ashike yule kijana wa mwenyekiti. Nikawaambia hapana, kijana huyo Mita atampinga, atarudia mbio, na akirudia atafaulu mbele ya macho ya watu. Nikawaambia niachieni mimi. Wakaniuliza, na kwako je, hatapinga? Nikawaambia, huyu mimi nimemlea. Kwangu hapingi. Hakuna mwamuzi mwingine nchi nzima ambaye ningeweza kumsemea hivyo."

Alikuwa akimsifu. Hilo ndilo Mita alilolielewa akiwa amesimama pale, kwamba mtu huyu, baada ya miaka kumi na tisa bila hongera hata moja, leo ndiyo alikuwa akimpa.

Mke wa Mwalimu akaingia na sinia la chai, akaliweka mezani polepole. Mita akamwambia asante mama, amechelewa nyumbani. Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu vyake, akashindwa kufunga kamba. Akaziacha hivyo hivyo zikiburuta.

"Usiondoke hivyo," alisema Mwalimu, akiwa ameshasimama. "Nitukane basi. Sema hata neno moja."

"Niseme nini, Mzee? Kila ninachokijua ulinifundisha wewe. Kukupinga hukunifundisha."

Akafungua mlango mwenyewe, akatoka.